Kidole Gumba Kina Moyo Wake

Kidole gumba kina moyo wake. Hilo tulifundishwa mapema kabisa katika shule ya uuguzi, na ndilo nililowapigia kelele wanafunzi wa staji, waliokuja kujifunza kazi kwa vitendo, miaka nenda miaka rudi katika kituo chetu cha afya, hapa Butembo. Unapompima mgonjwa mapigo, unaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wake: cha shahada, cha kati na cha pete. Kidole gumba unakiacha nyuma. Kina mshipa wake unaopiga, na asiyejua kazi atakitumia akadhani anamhesabia mgonjwa, kumbe anajihesabia mwenyewe. Nilikuwa na kalamu nzito ya chuma mfukoni mwa blauzi, lile koti letu jeupe la kazi, na mwanafunzi niliyemkuta akitumia gumba nilimgonga nayo papo hapo. "Uko napima nani? Mugonjwa ao weye?" nilimwuliza, na chumba kizima kikacheka. Wengine wao sasa ni wauguzi wazima, na tukikutana sokoni huficha gumba ndani ya ngumi kwa utani. Nilikuwa mkali, nakiri, na sijutii sana.

Nasimulia hayo kwanza ili mjue aibu yangu ilikuwa na ukubwa gani. Siku moja ya vita, mbele ya macho ya Mungu na ya wabebaji wawili, mimi mwenye kalamu nilitumia gumba.

Miaka ile majeshi yalipokezana mji wetu, na sisi tuliacha kuuliza nani ameingia tukawa tunauliza tu barabara ipi imefungwa. Kituo kilikuwa na gari moja. Likiitwa, tulipanda watu wanne: mimi, wabebaji wawili wenye mabega ya kubeba kipoyi, yaani ile machela yetu ya miti na kamba, na shofere. Shofere alikuwa Mwislamu wa Beni, wa ukoo wa watu wa malori, mtu mpole ambaye hakuwahi kumkatisha mtu maneno. Aliendesha akinong'ona dua, mimi nikiwa pembeni na rozari, na alipenda kusema kwamba gari letu lina leseni mbili za mbinguni, kwa hiyo likikwama tope ni kosa letu wenyewe. Tulikwenda upande wa Lubero, tulikwenda upande wa Beni, na niliipenda kazi ile kupita kiasi. Kwetu Alimbongo walikuwa wakiniuliza nitarudi lini kulima viazi kama watu. Niliwaambia viazi havinihitaji.

Ukitoka Butembo kwenda Beni, baridi inakusindikiza sehemu kubwa ya njia, halafu barabara inashuka na hewa inabadilika ghafla. Kila msafiri ana mahali pake pa kuvulia sweta. Pangu palikuwa kona moja yenye migomba na daraja dogo, na shofere alipajua. Alikuwa akipunguza mwendo hapo ili nisimpige kiwiko usoni nikivua.

Siku ile tuliitwa, tukakuta lori limelala pale pale, mahali pangu pa kuvulia sweta. Lilikuwa limebeba bidhaa, na watu juu ya bidhaa kama kawaida yetu, likapigwa risasi. Tulifika mchana, jua likiwaka. Sitaeleza yote niliyoyaona, kwa sababu walioyaona hawahitaji kuelezwa na wengine hayatawasaidia. Gari letu lilikuwa na nafasi tatu za kulala. Mbili zilijaa upesi. Wabebaji wakawa nyuma yangu na kipoyi, wananiuliza, "Huyu? Huyu?"

Palikuwa na mzee mwenye koti la kahawia na, hatua mbili kutoka kwake, mama mwenye kitenge cha miavuli. Nilimshika mzee kwa vidole vitatu, sawasawa kama kitabuni. Mkono ulikuwa baridi na tope, sikusikia kitu. Nikasema, "Huyu tayari." Hilo lilikuwa neno letu la timu kwa aliyekwisha kufa, kwa kuwa barabarani daima kuna ndugu anasikiliza na huwezi kusema waziwazi. Nikaruka kwa yule mama. Wakati huo huo milio ya risasi ikaanza tena upande wa migomba, nikaukamata mkono wake kama unavyokamata mpini wa sufuria, na chini ya kidole changu mapigo yakaruka, yenye nguvu, ya haraka. "Huyu anaishi! Pakieni!" Tukampakia, tukageuza gari, tukakimbia.

Njia nzima hadi Butembo sikuuachia mkono wa yule mama. Yalipiga vizuri mapigo yale! Nilikuwa namwambia vumilia, tunafika, na kwa kweli nilijivuna. Titulaire alitupokea mlangoni. Huyo ndiye muuguzi mkuu wa kituo, mzee wa miwani iliyofungwa kwa plasta, aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua. Alifungua jicho la mama, akaweka masikio ya kupimia kifuani, akasikiliza muda mrefu.

"Mama," aliniambia taratibu, "huyu alishakufa. Tangu zamani, mbele hata muondoke kule."

Niliangalia mkono wangu. Kidole gumba kilikuwa kimekandamiza kifundo cha marehemu, na mapigo yalikuwa bado yanapiga. Yalikuwa yangu.

Hakuna aliyeona gumba. Titulaire alidhani nilimwona amekufa tangu kule, ila sikutaka kukubali. Sikumsahihisha. Lakini kama yule aliyekuwa hai hakuwa hai, basi je, yule niliyesema tayari? Mtu aliyepoteza damu nyingi, mapigo ya mkono hujificha, unayatafuta shingoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Sikuigusa shingo ya mzee yule. Nilimwacha kando ya barabara, pengine akinisikia, nikachukua maiti nikaipeleka kituoni.

Baada ya wiki hivi shofere alikuja akipangusa mikono, akaanza, "Mama muganga, ile siku ya lori, ule muzee..." Nilimkata kama kisu. "Hapana unitajie ile barabara! Hata siku moja!" Alinitazama, akasema pole, akarudi kwenye gari lake. Nimeshasema alikuwa mpole. Hakunitajia tena.

Halafu vidole vyangu vikaharibika. Sijui niseme vipi. Kila nilichokishika kilipiga. Nilimshika mgonjwa, nikasikia mapigo, nikajiuliza ya nani. Nilishika kikombe cha chai, kikapiga. Jumapili moja nilikuwa namnyonyoa kuku aliyechinjwa, ametulia kabisa ndani ya beseni la maji moto, nikasikia mapigo kwenye paja lake. Nikamtupa, nikakimbilia uani. Mume wangu alimwokota kuku, akaja akanitazama, akauliza kwa upole kama nina mimba. Kanisani, padri aliposema tupeane amani, nilikunja mikono kifuani kama mtu mwenye kinyongo, maana kila mkono niliopewa ulinirudisha kwenye ile kona. Jirani yangu alisema roho yangu imeruka. Na sweta sikulivua tena. Joto au baridi, nilikuwa ndani yake.

Niliogopa, tena niliogopa mchana kweupe, mbele ya watu, huku nikitabasamu. Ningesema, wangenivua blauzi. Nisiposema, nitaua mtu. Nikatafuta njia ya katikati, ambayo daima ni njia ya uongo: nikaanza kubuni. Niliweka vidole mkononi mwa mgonjwa, nikatazama saa, nikanyamaza dakika nzima kwa heshima zote, kisha nikaandika kwenye fishi yake, ile karatasi ya vipimo, themanini na nne. Themanini na nne ni namba nzuri. Haimshtui mtu. Na nilikuwa nimeshaamua moyoni: siku uongo huu utakapomgusa mtu, naweka kalamu mezani na kurudi Alimbongo kwenye viazi.

Ulimgusa mtu. Mfanyabiashara mmoja wa maharagwe alikuwa amepasuliwa tumbo, na alfajiri nilimwandikia themanini na nne yake kama wenzake. Titulaire alipita saa tatu asubuhi, akamwona amepauka midomo, akamshika shingo: mia moja thelathini na zaidi. Alikuwa akivuja damu ndani. Walimrudisha kwenye meza, na asante Mungu alipona, mpaka kesho ananiuzia maharagwe na ananipimia kwa ukarimu nisioustahili. Lakini saa ile sikujua kama atapona. Nilisimama kwenye korido nikisikiliza mlango wa chumba cha upasuaji, na Titulaire akatoka, akaniambia nimfuate ofisini.

Alikuwa amekusanya fishi za chumba kizima. Alizipanga juu ya meza moja moja kama mtu anayecheza karata.

"Makumi munane na ine," alisoma. "Makumi munane na ine. Huyu, makumi munane na ine. Muzee wa hernie, makumi munane na ine. Mutoto wa malaria, makumi munane na ine." Akavua miwani. "Mama, hii ni salle ya wagonjwa ao ni chorale? Bote banaimba mupigo moja?"

Siku nyingine ningecheka. Nilifungua mdomo kusema uongo mwingine, na kilichotoka kilikuwa kweli.

"Titulaire, mimi niko mu choc."

Hapo inabidi nieleze. Katika kituo chetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Mtu wa choc ni mtu aliyepoteza damu, tensio, yaani presha ya damu, imeshuka, anaondoka. Ukilisikia neno hilo huulizi swali, miguu yako inakimbia yenyewe. Mimi nilimaanisha kichwa changu, moyo wangu, kuku, kikombe. Lakini magoti yangu yalichagua dakika ile ile kulegea, nikashuka chini nikishika ukingo wa meza, na mzee wa watu, baada ya miaka thelathini ya kazi, alifanya alichozoea. Alinikamata kabla sijafika sakafuni, akanilaza kwenye kile kitanda cha ofisi cha kupimia wajawazito, akapiga kelele aletewe matofali. Matofali yalikuja mawili mawili, yakawekwa chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo, nikainuliwa miguu juu na kichwa chini. Blanketi likaja. Chupa ya serumu, maji ya mshipani, ikatundikwa kwenye msumari wa kalenda. Nikawa nasema hapana, Titulaire, hapana hivi, yeye ananiambia nyamaza mama, usipoteze nguvu.

Alinipima tensio. Ilikuwa nzuri kuliko yake. Alitazama macho yangu, akatazama chini ya kitanda kama kuna damu. Nilimwona akianza kuelewa kwamba hakuna tundu lolote la kuziba. Mwingine angecheka akaniambia niamke. Yeye aliwafukuza waliokuwa mlangoni, akafunga, akavuta kiti, akaketi kichwani pangu.

Sababu ni kwamba utaratibu wa choc haujaisha. Mtu wa choc haachwi peke yake wala haachwi alale. Mmoja anakaa kichwani pake na kumsemesha, na maswali ni matatu, yale yale siku zote. Niliwauliza watu mamia maswali hayo, barabarani, garini, mvuani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi.

"Unaitwa nani?" aliuliza Titulaire, kama vile hanijui.

Nikataja jina langu.

"Uko fasi gani?"

"Mu bureau yako. Miguu juu."

"Muzuri. Ni nini ilikufikia?"

Nikalia. Nililia kwa sauti, miguu ikiwa juu, machozi yakinishukia masikioni kwa sababu ya yale matofali. Kisha nikamweleza. Nilianza na kona ya sweta, nikapitia kikombe na kuku. Gumba nililisema mwisho, na nililisema kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kwa maana kwa Kiswahili lilikataa kutoka. Alikuwa akisema "mm" na "nasikia" na, nikinyamaza sana, "hapana lala, mama, endelea." Sidhani alikuwa na mpango. Alikuwa anafuata utaratibu mpaka mwisho, basi.

Nilipomaliza alitazama vidole gumba vyake mwenyewe.

"Mimi pia nilifanyaka ile," alisema. "Mara mbili. Mara ya pili nilikuwa tayari Titulaire." Kisha akasema jambo ambalo bado nalishika. "Ule mama wa kitenge, kwao ni hapa Butembo. Sababu ulimupakia, bamemuzika kwao, batoto yake bameona kaburi. Bale walibaki kule, bengine hata sasa banatafutwa. Hapana sema ulileta kitu ya bure."

"Na muzee?" nikamwuliza. "Muzee wa koti niliacha muzima?"

Alivaa miwani. Na hapo ndipo mlango ulipogongwa, shofere akaingia kutafuta karatasi ya mafuta ya gari, akaiona miguu yangu.

"Eh! Mama muganga! Ni nini tena?"

"Iko mu choc," Titulaire alimwambia, kwa uzito wote. "Juu ya muzee wa ile siku ya lori."

"Muzee gani? Wa koti ya kahawia?" Shofere alimtazama yeye, akanitazama mimi, akiwa haelewi kabisa. "Lakini ule muzee iko Beni. Anaanika kakao yake pembeni ya barabara. Batu ya kijiji walitoka mu pori, wakamusikia anaomba maji, wakamubeba na kipoyi mupaka Beni. Dada yangu ni jirani yake."

Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa furaha, kilikuwa hasira. Nilichomoa mto chini ya kichwa changu na kumtupia. "Juu ya nini hukuniambia?"

Aliudaka mto. "Nilianza, mama. Ulinikataza."

Titulaire ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, shofere akafuata, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka serumu ikatikisika kwenye msumari na kalenda ikaanguka. Miezi yote ile! Habari ya kunifungua ilikuwa inakaa kwenye usukani wa gari letu, hatua ishirini kutoka chumba changu, imefungwa na ulimi wangu mwenyewe. Nilivuta pumzi na pumzi ikashuka mpaka chini. Nilikuwa nimesahau kwamba inaweza kufika huko.

Sitasema nilipona papo hapo, maana mwongo nilikwisha kuacha kuwa. Titulaire aliniondoa kwenye kupima kwa majuma mawili. Nilikunja bandeji na kuwafundisha wanafunzi bila kalamu. Kila asubuhi aliniita ofisini, akanipa mkono wake, na kunifundisha ujanja wake wa zamani. Vidole vya mkono wa kushoto weka kwenye shingo yako mwenyewe. Vidole vitatu vya kulia weka kwa mgonjwa. Sasa sikiliza yote mawili. Yakitembea pamoja, hayo ni yako, anza tena. Yakipishana, ya kulia ni yake. "Hauwezi kunyamazisha moyo yako," aliniambia. "Lakini unaweza kuitambua."

Siku ya mwisho ya majuma yale alichukua karatasi ya kuandikia dawa, akaandika kwa mwandiko wake wa kuku: Muzee wa koti, Beni. Mapigo ya moyo, dakika moja, mara moja. Akagonga muhuri.

Barabara ilipotulia kidogo, tulikwenda. Nilikaa mbele na shofere, rozari mkononi. Tulipokaribia daraja dogo alipunguza mwendo, kama zamani, bila kusema kitu. Lori lilikwisha kuondolewa. Ilibaki alama nyeusi na migomba iliyochipuka upya. Nilimwombea mama wa kitenge cha miavuli, kwa sauti, na shofere akaitikia amina. Kisha nikavua sweta. Nilimpiga kiwiko cha shavu, maana nilikuwa nimepoteza uzoefu.

"Sasa nimejua umepona," alisema, akijishika shavu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya turubai lenye kakao, fimbo magotini, mguu mmoja umenyooka usiokunjika. Beni ilikuwa ya joto na harufu ya kakao ile, nusu tamu, nusu siki. Koti la kahawia alikuwa nalo, kwenye jua lile. Nilipomwona amelivaa nilijikuta nimesimama katikati ya barabara, pikipiki ya teksi ikinipigia honi.

Shofere alinitambulisha, kisha akajitenga akajifanya anachunguza gurudumu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima. Nilisahau yote.

"Tata," nilimwambia, kama tunavyomwita baba, "ni mimi nilikushika mukono. Nilisema uko tayari. Nilikuacha."

Aligeuza punje za kakao kwa ncha ya fimbo, polepole.

"Nilikusikia," alisema. "Nilisikia mutu anasema huyu tayari. Nikasema mu roho: tayari kwenda wapi? Mimi sijafunga hata muzigo." Akainua macho. Yalikuwa na utani ndani yake, na uchovu pia. "Lakini hapana jihuzunisha, mwana yangu. Bibi yangu anasemaka nimekwisha tangu mwaka tulioana."

Mkewe alijibu kutoka ndani ya nyumba kwamba na bado anasema. Nilicheka kwa woga. Nikamwomba radhi, rasmi, kwa magoti, kama tunavyofanya kwa baba. Aliniambia amka, utachafua kakao.

"Nilikuwa na kasirani," aliongeza, akiwa haangalii tena. "Wiki mbili, tatu. Kisha bakaniambia batu munane bamenibeba na kipoyi, banabadilishana, kutoka kule mupaka hapa. Nikaanza kufikiri bale munane. Wewe nikakusahau."

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kusahauliwa. Nilitoa karatasi ya Titulaire, nikampa. Hakujua kusoma, lakini muhuri aliuheshimu. Aliirudisha karatasi, akakunja mkono wa koti mara mbili na kunyoosha kifundo cha mkono juu ya goti lake, ngozi nyeusi iliyokunjamana, yenye vumbi la kakao.

Niliweka vidole vya kushoto shingoni pangu. Moyo wangu ulikuwa unakimbia kama mwizi wa sokoni. Niliweka vidole vitatu vya kulia kwake, na kidole gumba nilikificha nyuma kabisa. Mwanzoni sikusikia kitu. Nikasubiri. Kushoto, wangu, unakimbia. Kulia, kimya. Halafu, kwa mbali, kulia kukapiga mara moja. Kukapumzika. Kukapiga tena, taratibu, kama mtu anayepanda kilima na haoni sababu ya kuharakisha. Wangu ulipiga mara mbili kabla wake haujapiga mara moja. Mapigo yetu hayakufanana hata kidogo.

Nilihesabu dakika nzima, kwa saa, na machozi yakinidondokea kwenye karatasi. Kisha nikaandika namba, namba ya kweli, ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Ngapi?" aliuliza mzee.

"Makumi tano na munane."

Akaitafakari, kidogo kwa wasiwasi. "Ni ya muzuri?"

"Ni ya kwako, tata," nilimwambia. "Ni ya kwako."